Nilikuwa na seti, nikacheki nikingoja kupandisha, na wote wakacheki. Kosa langu liko wapi?

Saba_Mbili (Kansanga)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina kidonda cha Ijumaa.

Tuko watu sita, sebuleni kwa rafiki yetu hapa Kansanga, tunacheza holdemu ya limiti, yaani poka ambayo beti zina kiwango maalumu, shilingi 1,000 kwa 2,000. Kwa asiyeijua: kila mtu ana karata zake mbili, na tano za wote zinafunuliwa mezani, tatu kwanza (flopu), kisha ya nne, kisha ya tano. Kucheki ni kupitisha zamu bila kubeti. Kabla ya karata za mezani na kwenye flopu, beti ni 1,000 na kupandisha ni kuongeza 1,000, basi. Karata ya nne na ya tano kiwango kinakuwa 2,000. Kila mzunguko unabeba beti moja na kupandisha mara tatu, hapo mlango unafungwa. Zamani tulicheza ile isiyo na mpaka, mpaka mmoja wetu akarudi kwake bila kodi ya nyumba. Mke wake hatusalimii hadi leo. Tukahamia limiti, na badala ya pesa mezani tunasukuma vizibo vya soda, hesabu mwisho.

Mkono wenyewe huu. Niko blaindi kubwa (beti ya lazima kabla ya karata), 1,000 yangu iko ndani. Nina saba ya shupaza na saba ya uru. Jamaa wa Busia analipa 1,000, kijana wa bodaboda analipa 1,000, mhasibu aliye kwenye batani (kiti cha kuongea mwisho) anapandisha hadi 2,000. Blaindi ndogo, aliyekwisha weka 500, anatupa. Mimi nalipa, wale wawili nao wanalipa. Kitita 8,500.

Flopu: kingi ya kopa, saba ya kopa, nne ya pau. Seti, yaani saba tatu. Banange! Nikacheki kwa uso wa mtu anayewaza bei ya matooke. Busia cheki, boda cheki, mhasibu akabeti 1,000. Nikajiambia, nikipandisha sasa watakimbia, bora ningoje karata ya nne ambapo beti ni 2,000, ndipo niwanase. Nikalipa tu. Wote wakalipa. 12,500.

Karata ya nne, mbili ya shupaza. Nikacheki tena, vizibo viko tayari kiganjani. Busia cheki. Boda cheki. Mhasibu akatazama karata zake, akanitazama mimi, akagonga meza. Cheki.

Karata ya tano, tisa ya kopa. Nikabeti 2,000 kwa hasira. Busia akatupa, boda akapandisha, mhasibu akatupa, mimi nikalipa. Boda alikuwa na jeki na kumi za kopa, flashi (kopa tano). Alibeba 20,500, akatoka nje kutununulia rolex (chapati ya mayai) wote, na mimi nikala rolex ya pesa zangu mwenyewe.

Baadaye mhasibu alituonyesha alikuwa na eisi na kwini, hakuna kopa hata moja. Busia alikuwa na nane na tano (msiniulize kwa nini alilipa 2,000 nazo), alikuwa anasubiri sita ili apate mfululizo wa nne hadi nane.

Swali: nilitakiwa kubeti karata ya nne ili nimfukuze boda? Au kosa lilianzia kwenye flopu?

Ngazi_Wandegeya

Ulitakiwa kubeti. Uzi ufungwe.

Ludo_na_Chai

Rudi kwenye karata za matatu kaka. Ukishika saba ya kukata unakata, mchezo umeisha, humngoji mhasibu.

Saba_Mbili (Kansanga)

@Ludo ukikata huku umebaki na karata nzito mkononi unajikata mwenyewe. Hata matatu ina hesabu yake.

Mwalimu_wa_Namba (Jinja)

Kabla hatujamchinja huyu kijana, tutenge bahati na kosa, maana naona anavichanganya.

Unauliza kama ungebeti karata ya nne "ili umfukuze". Humfukuzi. Kitita kilikuwa 12,500, beti yako 2,000 inakifikisha 14,500, na boda anaombwa 2,000 tu. Anapewa zaidi ya saba kwa moja. Kwa macho yake kuna karata 46 asizoziona, tisa kati yake ni kopa, 37 hazimsaidii. Hiyo ni kama nne kwa moja. Atalipa akiwa anatabasamu, na atakuwa sahihi kulipa. Tisa ya kopa ingetoka vilevile na rolex ungekula vilevile.

Kwa hiyo kitita hukukipoteza kwa kucheki. Ulichopoteza ni kitu kidogo zaidi, na kwa sababu ni kidogo watu hawakioni. Sisi tunaoziona karata zenu wote wawili tunajua kwamba kopa zake tisa ni saba tu. Ikitoka nne ya kopa au mbili ya kopa, meza inapata pea na wewe unapata fulu (tatu za namba moja na pea), flashi yake inakuwa mapambo. Saba kati ya karata 44. Wewe unashinda mara 37 katika 44, asilimia 84. Kila 2,000 anayoiweka ikikutana na 2,000 yako, wastani wako ni faida ya shilingi 1,360 hivi. Ndiyo hasara ya cheki yako kwa boda. Ongeza na Busia uliyemwachia aone karata ya tano bure wakati anasubiri sita. Sita tatu (ya nne, ile ya kopa, ingempa boda flashi) zingemfanya akuchukulie kitita chote cha 12,500, naye hakutoa hata shilingi. Kwa beti yako pengine angetupa.

Sasa kuhusu mhasibu, huyu ndiye kiini. Uliposubiri abeti ulikuwa unamwazia mikono ya aina mbili. Kama ana eisi na kingi, ana mkono mzito. Ukicheki atabeti, utapandisha, sawa. Lakini ukibeti wewe, huyohuyo mwenye eisi na kingi atakupandishia, nawe utampandishia tena, na mnafika palepale au mbele zaidi. Kama ni mtupu, kama alivyokuwa, hana sababu ya kutoa 2,000 mbele ya watu watatu waliokwisha kulipa flopu. Atagonga meza. Akiwa mzito njia zote mbili zinafika sokoni, akiwa mtupu ni kubeti tu kunakokusanya pesa za boda.

Cheki-reizi, yaani kucheki kisha kupandisha, inakuwa na faida pale mtu anapobeti na mikono ambayo asingepandisha nayo, au hata asingelipa nayo. Jiulize mhasibu ni mtu wa namna hiyo wapi: kwenye flopu au karata ya nne?

Ngazi_Wandegeya

Mwalimu umeandika gazeti zima kusema nilichosema mimi kwa neno moja.

Mwalimu_wa_Namba (Jinja)

Neno lako lilikuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Shuleni ningekupa nusu.

Mama_Malaba

Mwalimu ameuliza swali zuri akaliacha, nami nimekaa na malori kwenye foleni ya mpaka miaka mingi kiasi kwamba karata nimefundishwa na madereva wa nchi nne. Nijibu mimi.

Mwanangu Saba_Mbili, mhasibu wako anabeti kwenye FLOPU. Alipandisha mwanzoni, amekaa wa mwisho, watu watatu wamemchekia, na beti ni 1,000 kwenye kitita cha 8,500. Hapo anabeti na chochote, hata na eisi na kwini ambayo haikugusa kitu, kwa sababu ni rahisi na huenda nyote mkatupa. Karata ya nne bei inapanda maradufu, na anajua sasa kuna watu watatu ambao hawakutishika. Ujasiri unaisha. Watu wa limiti wanasema vizuri: anayebeti flopu si lazima awe yule atakayebeti karata ya nne. Cheki yako ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa. Ulichokosea ni kulipa badala ya kupandisha palepale.

Na viti. Hili ndilo watu hawalitazami, wanatazama karata zao tu. Mhasibu amekaa kulia kwako, yaani akibeti, wewe ndiye unayefuata. Ukipandisha, Busia na boda wanakutana na 2,000 kwa mkupuo bila kuwa wameweka hata kizibo mzunguko huo. Angalia alivyonufaika Busia ulipolipa tu: kitita kilikuwa 10,500, yeye aombwe 1,000, kumi na nusu kwa moja. Anayesubiri karata nne katika 47 anahitaji kama kumi na robo tatu kwa moja. Karibu ulimpa bei ya haki! Ungepandisha angekuta 11,500 na kuombwa 2,000, hata sita kwa moja haifiki. Akilipa anakupa zawadi, akitupa ameondoka mtu mmoja wa kukusumbua. Boda angelipa tu, mwache alipe.

Geuza viti sasa. Aliyepandisha mwanzoni angekuwa kushoto kwako, jirani kabisa. Ungecheki, yeye angebeti kwanza, wengine wangelipa 1,000 mmoja mmoja, ndipo zamu ikurudie wewe upandishe. Hapo hufukuzi mtu, kila mmoja ameshatia mguu ndani na ataongeza 1,000 nyingine. Hiyo ni cheki-reizi ya kuvuna, ifanye ukiwa na mkono usioogopa mvua, kama fulu, au seti kwenye meza isiyo na karata mbili za alama moja, kama kopa mbili. Ukitaka kufukuza na mpandishaji yuko kushoto kwako, beti wewe mwenyewe usoni pake. Akipandisha, anakuwa amekufanyia kazi ya kuwapiga wengine beti mbili.

Mimi nikikaa mezani naangalia kwanza nani alipandisha na yuko upande gani wa kiwiko changu. Karata zangu naziangalia baadaye.

Saba_Mbili (Kansanga)

Mama, nilidhani nikipandisha flopu wote wanakimbia nabaki na kitita kidogo.

Mama_Malaba

Watu waliolipa 2,000 wakiwa na nane na tano ndio watakimbia? 😂

Afande_Mstaafu (Bombo)

Mimi nina la adabu. Meza yetu hapa Bombo hairuhusu kucheki kisha kupandisha. Ukicheki umesema huna kitu. Kurudi baadaye na kupandisha ni kumdanganya mwenzako machoni. Tunacheza kwa amani hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kusimama kwa hasira.

Seremala_Arua

Afande kwa heshima zote, poka yote ni kudanganya machoni. Kubeti ukiwa huna kitu mnaruhusu?

Afande_Mstaafu (Bombo)

Tunaruhusu.

Seremala_Arua

Basi.

Afande_Mstaafu (Bombo)

Basi nini? Kila nyumba ina sheria yake. Mgeni aulize kabla hajaketi.

Mwalimu_wa_Namba (Jinja)

Afande ana haki hapo, sheria ya nyumba ni sheria. Ila ijulikane mnachokipoteza. Bila cheki-reizi, aliyekaa mwisho anakuwa mfalme. Mkimchekia anabeti bila woga kwa sababu hakuna anayeweza kumrudishia. Kwenye limiti wa kwanza hawezi kujaza vizibo vyote katikati ili amtishe, cheki-reizi ndiyo fimbo yake pekee ya maana.

Jirani_Ntinda

Natoka nje ya mada kidogo: mdogo wangu ana miaka 22 anataka kwenda kujaribu limiti kasino hapa Kampala. Anaingia?

Seremala_Arua

Haingii. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inataka miaka 25. Mwambie acheze matatu na Ludo_na_Chai.

Ludo_na_Chai

Namkaribisha. Aje na karata zake, zangu joka imepotea.

Seremala_Arua

Turudi. Mimi nina swali kuhusu karata ya tano, watu wawili tu mmebaki, wewe unaongea kwanza na una mkono ambao una hakika nao. Hakuna tena wa kufukuza wala wa kuona karata bure. Hapo si ni cheki-reizi kila mara? Beti mbili badala ya moja.

Mwalimu_wa_Namba (Jinja)

Hesabu ya hapo ni safi, ndiyo maana naipenda. Chukua mikono kumi ya namna hiyo. Tuseme jamaa ukibeti analipa mara nane. Ukimchekia, anabeti mwenyewe mara tano, na ukimpandishia analipa zote tano kwa sababu kitita ni kikubwa na udadisi unamla. Kubeti kunakupa beti nane, cheki-reizi inakupa kumi. Mpaka hapo Seremala umeshinda: ukishahakikisha analipa ukipandisha, kinachotakiwa ni abeti zaidi ya nusu ya mara ambazo angelipa.

Ila kuna kitu kimesahaulika. Kati ya zile mara nane, je, zote analipa kimya? Tuseme mara mbili anakupandishia. Wewe unapandisha tena, naye analipa. Hizo mbili ni beti tatu tatu, sita, jumlisha na zile sita za kawaida, kumi na mbili. Kubeti kumerudi mbele. Kwa hiyo mtu mkali anayependa kupandisha, mbetie. Mtu anayebeti akiona udhaifu lakini akibetiwa analipa kwa unyonge, mchekie. Na yule anayelipa kila kitu na habeti kamwe (kila meza ina mmoja, kwetu ni fundi wa redio), kumchekia ni kumsamehe deni.

Kwa Saba_Mbili, karata ya tano yako haikuwa ya namna hiyo kabisa. Kopa ya tatu imetua, boda amekuwa akilipa tangu mwanzo bila kusema neno, na wewe ukabeti kwa hasira. Ungecheki na kulipa ungetoa 2,000. Ulitoa 4,000. Hiyo 2,000 ni kubwa kuliko 1,360 unayoililia.

Saba_Mbili (Kansanga)

Hiyo imeuma kuliko flashi.

Usiku_Makerere

Naongeza moja ambayo hamjaigusa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada walichapisha kwenye jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeitatua holdemu ya limiti ya watu wawili, kiasi kwamba hata ukicheza nayo maisha yako yote huwezi kuthibitisha kwamba unaishinda. Ni ya watu wawili tu, meza ya sita kama ya Kansanga bado ni msitu. Lakini mashine hiyo haina tabia moja. Mkono uleule, hali ileile, mara inabeti, mara inacheki ipandishe, kwa viwango vilivyopimwa. Na inapandisha hivyo hata na mikono inayosubiri flashi.

Ninyi mnacheza watu walewale kila Ijumaa. Saba_Mbili akianza kucheki-reizi seti zake tu, kufikia mwezi wa pili mhasibu ataacha kubeti kila akimwona amecheki kwa uso wa bei ya matooke. Inabidi siku moja apandishe na jeki na kumi za kopa kama za boda, waone, wachanganyikiwe.

Mama_Malaba

Huyu wa Makerere anasema kweli lakini asiwahi. Watu wanaolipa na nane na tano hawakumbuki ulichofanya Ijumaa iliyopita. Kwanza avune, kuchanganya kutakuja meza ikiamka.

Usiku_Makerere

Mhasibu anakumbuka, mama. Alicheki karata ya nne huku anamtazama.

Mama_Malaba

Alikuwa na eisi na kwini mwanangu, alikuwa anatazama mlango.

Saba_Mbili (Kansanga)

Naleta mrejesho wa Ijumaa, kama nilivyoahidi baadhi yenu pembeni.

Blaindi kubwa tena, mhasibu batani tena, Busia na boda ndani tena, kama sinema iliyorudiwa. Nina nne mbili, ya uru na ya shupaza. Mhasibu kapandisha, tumelipa wote, 8,500. Flopu: kwini ya pau, nane ya pau, nne ya kopa. Nikacheki. Wakacheki. Mhasibu akabeti 1,000 hata kabla boda hajatoa mkono mezani. Nikapandisha hadi 2,000.

Busia akazitazama karata zake, akauliza "kwani kuna nini leo?", akatupa. Boda akalipa 2,000. Mhasibu akalipa. 14,500.

Karata ya nne, tatu ya uru. Sikucheki. Nikabeti 2,000. Boda akalipa, mhasibu akanuna, akalipa. 20,500.

Karata ya tano, jeki ya pau.

Nikacheki. Boda akabeti. Mhasibu akatupa kwini na kingi akiwa amezifunua. Nikalipa 2,000 kwa sababu kwa kitita hicho nisingelala. Eisi na sita za pau. 24,500, na safari hii kila mtu alipata rolex mbili.

Ngazi_Wandegeya

Ungecheki tu karata ya nne.

Mwalimu_wa_Namba (Jinja)

@Ngazi nakurudisha darasa la tatu.

Saba_Mbili, mhasibu alitoa 4,000 kwenye flopu na karata ya nne akiwa na pea ya kwini tu. Wiki iliyopita hakulipa hata moja ya 2,000. Umeliona hilo?

Saba_Mbili (Kansanga)

Nililiona nikiwa natafuna, mwalimu.

Mama_Malaba

Wiki hii sina la kukurekebisha mwanangu. Ijumaa ijayo napita Kampala na mzigo. Niwekeeni kiti, kushoto kwa huyo wa bodaboda.